Ulimi wa Mhojiwa na Kalamu ya Mshauri: Kiswahili katika Kazi za Kampuni za Ushauri Kuresoi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna kazi inavyofanyika katika kampuni ya ushauri inayokua, hususan kampuni inayotathmini athari za miradi kwa mazingira na jamii, pamoja na nafasi ya lugha ya Kiswahili katika kazi hiyo. Mfano unaotumiwa ni eneo la Kuresoi katika Kaunti ya Nakuru, ambako maneno kuhusu ardhi, msitu na ukazi hubeba historia nzito. Hoja kuu ni kwamba kampuni inapokua, anayesikia na anayeandika huwa watu wawili tofauti, na nafasi iliyo kati yao hujazwa na tafsiri isiyosimamiwa. Makala yanapendekeza namna mtaalamu wa Kiswahili anavyoweza kuisimamia.

1.0 Utangulizi

Mhitimu wa Kiswahili kwa kawaida hutarajiwa kufundisha, kutangaza redioni, kuhariri vitabu au kukalimani mahakamani. Ofisi ya ushauri haitajwi sana katika orodha hiyo. Hata hivyo, tangu Kenya ilipopitisha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira mwaka 1999, mradi mkubwa kama bwawa, barabara au kiwanda hauwezi kuanza kihalali kabla ya athari zake kutathminiwa na wataalamu waliosajiliwa na NEMA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira. Kazi hiyo hufanywa na mtaalamu mmoja mmoja au na kampuni. Katika kila tathmini ya aina hiyo kuna siku ambapo mtu aliyetumwa na kampuni huketi mbele ya mkulima, humwuliza maswali, na kuyaandika majibu. Mara nyingi lugha inayowakutanisha ni Kiswahili, ilhali lugha ya ripoti ni Kiingereza.

Makala haya yanahusu kinachotokea kati ya lugha hizo mbili. Kwanza yanaeleza istilahi, kisha mgawanyo wa kazi ndani ya kampuni na jinsi ukuaji unavyoubadilisha. Baada ya hapo yanaiangalia Kuresoi kama uwanja wa utafiti, yanachambua maneno machache yanayoleta utata, na kutoa mapendekezo.

2.0 Istilahi

Neno "ushauri" lina matumizi mapana. Mzee humpa kijana ushauri, na daktari humshauri mgonjwa. Nchini Kenya, hasa baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wakazi wengi wa Bonde la Ufa walilisikia neno hili likihusishwa na ushauri nasaha kwa waliopoteza jamaa na makao. Kwa hiyo mtu anayejitambulisha kijijini kuwa "mshauri" anaweza kudhaniwa kuwa amekuja kuliwaza watu, ilhali amekuja kupima bonde litakalofunikwa na maji. Nchini Tanzania hutumiwa istilahi "mshauri mwelekezi" au "mshauri elekezi", ambayo inapunguza utata huo kwa kumtaja mtu anayeajiriwa kutoa maelekezo ya kitaalamu kwa malipo na kwa muda maalumu. Katika makala haya, "kampuni ya ushauri" ni kampuni ya washauri elekezi.

Istilahi nyingine muhimu ni "hadidu za rejea", yaani maelezo ya mteja kuhusu kazi anayoitaka, mipaka yake, muda wake na matokeo yanayotarajiwa. Hadidu za rejea ndizo dira ya kampuni. Jambo lisilotajwa humo halilipiwi, na jambo lisilolipiwa ni nadra kufanywa. Tafsiri ni mojawapo ya mambo yanayosahauliwa kwa urahisi.

3.0 Mgawanyo wa kazi na ukuaji wa kampuni

Kampuni nyingi za aina hii huanza zikiwa ndogo. Mwanzilishi huwa mtaalamu mwenye jina katika fani yake, pengine mhadhiri au mtumishi wa umma aliyestaafu, akisaidiwa na vijana wawili au watatu. Katika hatua hiyo kila mmoja hufanya kila kitu. Aliyeandika pendekezo la zabuni ndiye anayetunga hojaji, ndiye anayepanda matatu kwenda uwanjani, na ndiye anayerudi kuandika ripoti. Faida yake ni kwamba sauti ya mhojiwa bado imo masikioni mwa mwandishi. Akifika kwenye aya inayohusu malisho, anamkumbuka aliyeyataja na namna alivyoyataja.

Kampuni ikipata kazi tatu au nne kwa wakati mmoja, mpangilio huo hauwezekani tena. Mwanzilishi hugeuka mtafutaji wa zabuni na mlinzi wa uhusiano na wateja. Wataalamu wa kudumu hubaki ofisini wakiandika ripoti mbili kwa mpigo. Wadadisi huajiriwa kwa mkataba wa siku kumi au kumi na tano, mara nyingi kutoka eneo la utafiti, na hulipwa kwa siku au kwa idadi ya hojaji zilizojazwa. Baina yao huwekwa msimamizi wa uwanjani, ambaye kazi yake kubwa ni kuhakikisha idadi inatimia.

Malipo nayo yana taratibu zake. Kwa kawaida mteja hulipa kwa awamu: sehemu baada ya ripoti ya awali, sehemu baada ya rasimu, na salio baada ya ripoti ya mwisho kukubaliwa. Katikati ya awamu hizo kampuni hulazimika kulipa mishahara, kodi ya ofisi na mafuta ya gari. Ndiyo maana wafanyakazi wa kampuni inayokua husukumwa kumaliza rasimu hata pale majibu kutoka uwanjani bado yana mashimo. Hapo ndipo huzuka mazoea ya kunakili aya kutoka ripoti ya zamani na kubadilisha majina ya mahali. Ripoti huwa nadhifu, lakini kijiji kinachoelezwa humo kinaweza kuwa popote.

Kwa kijana mwenye bidii kazi hii ina mvuto wake. Katika miaka miwili anaweza kujifunza mambo ya maji, barabara, elimu na afya, na kukutana na watu wa matabaka mbalimbali. Wakati huohuo, hupangiwa kazi kwa muda mfupi, hufanya kazi usiku rasimu inapokaribia, na mkataba wake unaweza kwisha pamoja na mradi. Hayo ni ya kawaida katika fani hii popote ulimwenguni. Linaloihusu taaluma ya Kiswahili ni kwamba katika mgawanyo huo wote hakuna nafasi iliyotengewa lugha. Mtunga hojaji huiandika kwa Kiingereza. Mdadisi huitafsiri papo hapo, kila mmoja kwa namna yake. Jibu hutolewa kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, nalo huandikwa kwa Kiingereza kilichofupishwa. Kampuni yenye wadadisi kumi na wawili, kwa hakika, imetumia hojaji kumi na mbili.

4.0 Kuresoi kama uwanja wa utafiti

Kuresoi ni nyanda za juu zenye baridi, pembezoni mwa Msitu wa Mau. Wakazi hulima viazi, mahindi, pareto na njegere, na upande wa Kiptagich hulimwa chai. Eneo hili lilikuwa jimbo moja la ubunge hadi uchaguzi wa mwaka 2013, lilipogawanywa kuwa Kuresoi Kaskazini na Kuresoi Kusini. Lugha zinazosikika sokoni ni pamoja na Kikipsigis, Kiogiek, Kikikuyu na Kikisii, na Kiswahili ndicho daraja baina yake.

Historia ya ardhi katika eneo hili ni ndefu. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwapa Wakikuyu makazi Olenguruone, kisha ikawafukuza baada ya mgogoro kuhusu masharti ya kilimo na umiliki. Ghasia za kikabila zilizuka Kuresoi na sehemu jirani za Molo mwaka 1992, na tena nyakati za uchaguzi wa 1997 na 2007. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoteuliwa mwaka 1998, na Tume ya Jaji Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, zote zilichunguza ghasia za Bonde la Ufa. Mnamo mwaka 2000 Mahakama Kuu ilitoa hukumu dhidi ya Waogiek waliokuwa wakipinga kuondolewa katika Msitu wa Tinet. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek wa Mau. Tarehe 23 Juni 2022, mahakama hiyo iliagiza walipwe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhara yasiyo ya mali.

Juu ya historia hiyo huja miradi. Mfano unaojulikana zaidi ni Bwawa la Itare, lililokusudiwa kupeleka maji Nakuru, Molo, Njoro na miji mingine. Ujenzi ulikwama mwaka 2018, mkandarasi wake, CMC di Ravenna ya Italia, alipokumbwa na matatizo ya kifedha. Mto Itare ni tawi la mfumo wa Sondu unaomwaga maji Ziwa Viktoria, na kwa sababu hiyo viongozi na wakazi wa Kericho na Bomet walilalamika kwamba maji yao yangepelekwa kwingine. Swali la nani ni "jamii inayohusika" likawa gumu. Je, ni waliokuwa wakilima palipochimbwa, walio chini ya mto, au wanaosubiri mifereji mjini? Mshauri anayetumwa mahali kama hapa hapati uwanja mtupu. Kila swali lake huangukia watu waliokwisha kuulizwa na tume, mahakama, mashirika ya misaada na wanasiasa, na wanaojua kwamba jibu linaweza kumpa mtu shamba au kumnyang'anya.

5.0 Maneno yanayopotea njiani

5.1 Athari

Neno lililo katika jina lenyewe la kazi hii, "tathmini ya athari", lina mtego. Kikamusi, athari ni alama au matokeo yanayoachwa na jambo, lakini pia humaanisha dosari au madhara. Katika matumizi ya vyombo vya habari vya Kenya, "mwathiriwa" ni mtu aliyepatwa na maovu. Kwa hiyo mdadisi akiuliza, "Mradi huu utakuwa na athari gani kwako?" msikilizaji husikia, "Mradi huu utakudhuru vipi?" Ripoti inaposema kwamba idadi kubwa ya wahojiwa walitaja mambo mabaya pekee, pengine imepima maana ya neno kuliko maoni ya watu. Swali kama "Mradi huu ukijengwa, maisha yako yatabadilika vipi, kwa wema na kwa ubaya?" ni refu zaidi, lakini halimwegemezi mhojiwa upande wowote.

5.2 Mwenyeji

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika methali hii mwenyeji na mgeni wanahitajiana. Huko Kuresoi maneno hayo mawili yaliwahi kugeuzwa silaha. Katika siasa za Bonde la Ufa, jamii zilizohamia ziliitwa "madoadoa", neno ambalo Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ililiorodhesha Aprili 2022 miongoni mwa maneno ya uchochezi. Swali "Je, wewe ni mwenyeji wa hapa?" huandikwa na mtunga hojaji kwa nia njema ya kujua muda wa ukazi. Kwa mtu ambaye nyumba yake ilichomwa mwaka 1992 na tena mwaka 2008, swali hilo linamwuliza kama ana haki ya kuwapo. Atajibu kwa hofu, au hatajibu. "Umeishi hapa tangu mwaka gani?" huleta taarifa ileile bila jeraha.

5.3 Kuhama na kuhamishwa

Wanafunzi wa mofolojia hufundishwa kwamba viambishi vya mnyambuliko hubadilisha uhusiano wa kitenzi na washiriki wake. Uwanjani jambo hili lina uzito wa kisheria. "Tulihama" ni kauli ya mtu aliyeamua. "Tulihamishwa" inadokeza kwamba kuna aliyewahamisha, ingawa hatajwi. "Tulifurushwa" inaongeza nguvu na ukatili, na "tulikimbia" inaongeza hatari. Mkazi wa Tinet au wa Nyota anaweza kuyatumia yote manne katika mazungumzo ya nusu saa, akikusudia matukio manne tofauti. Katika jedwali la mdadisi aliyechoka, yote huingia chini ya kitenzi kimoja cha Kiingereza chenye maana ya kubadilisha makao. Mtendaji ametoweka, na pamoja naye limetoweka swali la nani awajibike.

Vivyo hivyo kwa neno "fidia". Mwaka 2008, katika Operesheni Rudi Nyumbani, serikali ilitoa shilingi 10,000 za kuanzia maisha kwa waliofurushwa, na shilingi 25,000 kwa ajili ya nyumba zilizoharibiwa. Yupo aliyeiita pesa hiyo fidia, na yupo aliyeiita msaada. Akiulizwa na kampuni, "Je, umewahi kupokea fidia?" aliyekuwa na ekari tano na aliyekuwa na chumba cha kukodi wanaweza kujibu ndiyo au la bila hata mmoja kusema uongo.

5.4 Kaya, gunia na saa

Yako maneno yasiyo na uchungu wa historia ambayo nayo huharibu takwimu. "Kaya" ni istilahi sanifu ya sensa, lakini bara si neno la kila siku, na kwa msikilizaji wa pwani ya Kenya huweza kuleta picha ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Kuuliza juu ya "watu wanaokula chungu kimoja" kunaeleweka zaidi. "Gunia" la viazi nalo si kipimo kimoja. Kanuni za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50, lakini gunia la lumbesa, lililoshonewa kilemba juu, hupita kilo 100. Mkulima anayesema alivuna magunia arobaini anaweza kuwa amevuna tani mbili au zaidi ya nne. Halikadhalika, "saa kumi" ya Kiswahili ni saa nne kwa hesabu ya Kiingereza, na mwingizaji wa data aliye ofisini Nairobi anaweza kuandika kwamba wanawake huenda mtoni saa nne asubuhi, kumbe huenda saa kumi alfajiri, gizani. Hapo suala la usalama wao limefutwa na tarakimu moja.

6.0 Sheria inasemaje

Kanuni za tathmini ya athari za mwaka 2003 zilimtaka mwenye mradi abandike mabango, atangaze gazetini kwa wiki mbili mfululizo, atangaze redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na aandae mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa na mradi. Zaidi ya hayo, ziliagiza awepo mratibu mwenye sifa zinazofaa wa kupokea na kunukuu maoni ya mdomo na ya maandishi, pamoja na tafsiri zake. Kwa hiyo tafsiri imo ndani ya sheria. Sifa zilizotajwa, hata hivyo, ni za mratibu, wala si za mfasiri. Baadaye Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza katika Kifungu cha 7, na ikahimiza ushiriki wa umma katika usimamizi wa mazingira katika Kifungu cha 69.

Kikatiba, basi, hakuna kinachozuia muhtasari wa ripoti kuandikwa kwa Kiswahili na kusomwa mbele ya baraza la chifu au mbele ya wazee wa kokwet, yaani kikao cha mtaa miongoni mwa Wakipsigis. Kinachokosekana ni mstari mmoja katika hadidu za rejea na kiasi cha fedha katika bajeti.

7.0 Nafasi ya mtaalamu wa Kiswahili

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, kampuni ya ushauri inayokua inahitaji mtaalamu wa lugha kabla ya kuhitaji gari la pili. Kazi yake inaweza kugawanywa katika hatua nne.

Kwanza, hojaji iwe na matini moja ya Kiswahili iliyokubaliwa, ili wadadisi wote waulize swali moja. Matini hiyo ikaguliwe kwa tafsiri rejeshi, mbinu aliyoifafanua Richard Brislin mwaka 1970, ambapo mfasiri wa pili huirudisha matini katika lugha chanzi bila kuona matini asilia, na tofauti zinazojitokeza hujadiliwa. Tahadhari inahitajika hapa, kwani mbinu hii hukamata makosa ya maana lakini si makosa ya hisia. Neno "mwenyeji" litapita mtihani huo salama salimini. Ndiyo maana mkazo wa Eugene Nida, katika kitabu chake cha mwaka 1964, juu ya namna mpokeaji anavyoupokea ujumbe, unafaa kuongozana na tafsiri rejeshi.

Pili, matini ifanyiwe jaribio kwa wazungumzaji wa jamii zote za eneo. Neno lililo shwari Keringet linaweza kuwa moto Kamara.

Tatu, wakati wa mafunzo ya wadadisi, saa chache zitengwe kwa ajili ya lugha pekee: namna ya kuomba ridhaa, namna ya kumwita mzee au mama kwa heshima yake, na maneno yanayopaswa kunukuliwa yalivyo bila kufasiriwa. Vitenzi vya kuhama ni mfano mzuri wa maneno hayo.

Nne, rasimu ya ripoti isomwe na mtu aliyekuwa uwanjani kabla ya kumfikia mteja. Hatua hii ni rahisi kuliko zote, na ndiyo inayorukwa haraka kampuni inapozidiwa na kazi. Gharama yake ni siku moja au mbili za mdadisi mmoja. Manufaa yake ni kwamba aliyeandika "wakazi walihama" ataulizwa na mwenzake aliyesikia: walihama, au walihamishwa?

Vyuo vikuu navyo vina wajibu. Chuo Kikuu cha Egerton, kilicho Njoro, ni jirani wa Kuresoi, na kozi za tafsiri zinazotolewa vyuoni zinaweza kuongeza hojaji, fomu za ridhaa na muhtasari wa ripoti miongoni mwa matini za mazoezi, pamoja na zile za fasihi na magazeti. Mwanafunzi aliyekwisha kupambana na neno "athari" darasani hataingia uwanjani kipofu.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kazi ya kampuni ya ushauri, ingawa huonekana kuwa ya wahandisi na wachumi, hujengwa juu ya mazungumzo, na mazungumzo hayo kwa sehemu kubwa ni ya Kiswahili. Ukuaji wa kampuni huleta ajira na uzoefu, lakini pia humtenga msikilizaji na mwandishi. Katika eneo kama Kuresoi, ambako ripoti huweza kuishia mezani pa waziri au mbele ya mahakama, neno lililobadilishwa njiani linaweza kumgharimu mtu shamba lake. Mtaalamu wa Kiswahili hana uwezo wa kuamua bwawa lijengwe wapi wala nani alipwe nini. Ana uwezo wa kuhakikisha kwamba wenye kuamua wamesoma yale yaliyosemwa, kwa uzito uleule yaliyosemwa nao.